Mama kamaliza dripu sita za saratani ya ovari, tumepewa njia tatu. Waliopita huku mlichagua nini?

#1 Binti_Mwanga
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, Mwanga. Mama yangu ana miaka 58, anauza mawese sokoni. Mwaka jana tumbo lilianza kujaa, akila vijiko viwili anashiba. Kwenye kituo kimoja alitibiwa vidonda vya tumbo miezi minne. Mtaani wakasema karogwa. Tulipomfikisha Mwanza wakamtoa maji lita nane, na majibu yakaja: saratani ya ovari, hatua ya 3C.

Kapata dripu tatu za carboplatin na paclitaxel, kila baada ya wiki 3, kisha upasuaji, kisha dripu tatu nyingine. Ya mwisho imeisha wiki mbili zilizopita. CA-125, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya ovari, ilikuwa 1,140, sasa ni 17. Picha ya CT haionyeshi kitu.

Tulidhani tumemaliza. Daktari katuketisha na kusema kuna njia tatu: aache dawa, awe anarudi kila miezi 3 kuangaliwa; au aendelee na bevacizumab, dawa ya dripu inayozuia mishipa ya damu inayolisha uvimbe; au apimwe vinasaba vya BRCA, na vikiwa na hitilafu aanze vidonge vya olaparib kwa miaka 2. Kaka mkubwa anataka tuuze kiwanja cha Gungu. Baba mdogo anasema mtu aliyepona anatibiwa nini tena? Kikao cha familia ni Jumamosi. Naomba mliopitia mniambie mlifanyaje.

#2 MgebukaMkavu
Pole sana dada. Mimi niko na baba mdogo. Picha safi, damu safi, hapo mama kapona. Mpeni uji mzito na dagaa, arudi kwenye mawese yake. Kiwanja kikishauzwa hakirudi.

#3 TumbakuUrambo
Mpelekeni Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, akapigwe mionzi wamalizie mizizi. Jirani yetu hapa Urambo alipigwa mionzi, leo analima ekari mbili.

#4 Nesi_wa_Zamu
Shikamooni wakubwa. Niko Tabora, nimefanya kazi wodi ya kina mama miaka kadhaa, niruhusuni nirekebishe mawili.

TumbakuUrambo, nina wasiwasi jirani yako alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Ile hutibiwa sana kwa mionzi. Ya ovari ni nyingine. Inajimwaga ndani ya tumbo kama unga uliopeperushwa jikoni, punje huku na kule juu ya utumbo, ini na utando wa tumbo. Ukimulika tumbo lote kwa mionzi utaunguza na utumbo wenyewe. Ndiyo maana silaha yake ni upasuaji na dripu.

MgebukaMkavu, picha safi maana yake hakuna kinachoonekana. CT haioni punje ndogo. Kwa waliogundulika hatua ya 3, takriban 7 kati ya 10 ugonjwa hurudi, wengi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo. Sisemi haya kumtisha Binti_Mwanga. Nasema ili kikao cha Jumamosi kisianze na neno "kapona".

Dada, nijibu: daktari wa upasuaji alisema amebakiza kitu? Na bevacizumab aliianza lini? Kwa kawaida huanzwa pamoja na dripu, haichomekwi baadaye peke yake.

#5 Binti_Mwanga
Asante nesi. Alisema alitoa ovari zote mbili, kizazi na ule utando wa mafuta, na hakubakiza kinachoonekana kwa macho. Bevacizumab iliongezwa kwenye dripu mbili za mwisho, kaka alilipa. Kwa hiyo swali ni kuendelea nayo au kuiacha. BRCA hajapimwa kabisa.

#6 AsaliYaSikonge
Kutobakiza kitu ni habari njema kuliko hata hiyo 17. Shikilia hilo.

Mke wangu alikuwa hatua kama hiyo. Sisi tulichagua kuangalia tu, na kwa kweli tulichaguliwa na mfuko. Kosa langu nitalisema hapa lisirudiwe na mwingine. Kila nikipata hela nilimpeleka kupima CA-125, bila daktari kuniagiza. Ikiwa 14 tunanunua kuku, ikiwa 21 nyumba nzima hailali. Ilipanda hadi 48, nikambeba hadi Mwanza usiku huohuo, kumbe alikuwa na maambukizi ya nyonga. Alikuja kuniambia kwamba mwaka ule hakuogopa ugonjwa, aliogopa kuniona nikishika ile karatasi.

Ugonjwa ulirudi baada ya miezi 19. Akapewa carboplatin ileile, ikafanya kazi tena. Sasa ni mwaka wa pili tangu pale. Kwa hiyo kurudi siyo mwisho, hasa ugonjwa ukirudi baada ya miezi 6 tangu dripu ya mwisho. Ukirudi kabla ya hapo, mara nyingi huwa umeshazizoea dawa za jamii ya platinamu kama hiyo carboplatin.

#7 Mwl_Kasulu
AsaliYaSikonge, pole kaka, lakini unamwambia mwenzio asipime? Mapema ndiyo kinga. Ukiona namba inapanda unawahi kabla halijawa kubwa. Hilo halihitaji shule.

#8 Nesi_wa_Zamu
Mwalimu, kwa ugonjwa huu jambo hilo lilipimwa kweli. Matokeo yalitoka 2010 katika jarida la Lancet. Wanawake 529 ambao CA-125 yao ilipanda baada ya matibabu waligawanywa. Kundi moja likaanza dripu mara moja, jingine likasubiri dalili. Walioanza mapema waliishi wastani wa kati wa miezi 25.7, waliosubiri miezi 27.1. Kitakwimu hakuna tofauti. Kilichotofautiana ni kwamba walioanza mapema walikaa kwenye dripu muda mrefu zaidi na ubora wa maisha yao ulishuka mapema.

CA-125 pia hupanda kwa mambo mengine, ikiwemo TB ya tumbo, ambayo huku kwetu ipo.

#9 Dira_ya_Ziwa
Nesi yuko sahihi kwa namba ila aongeze jambo. Wagonjwa wa utafiti ule waliandikishwa 1996 hadi 2005. Vidonge vya olaparib havikuwepo. Na mwaka 2021 ulitoka utafiti wa DESKTOP III: waliorudiwa na ugonjwa, wakachaguliwa vizuri na kupasuliwa tena kabla ya dripu, waliishi miezi 53.7 dhidi ya 46.0. Kwa upasuaji wa namna hiyo kujua mapema kunaweza kuwa na faida. Nisingechukua utafiti wa zamani nikaufunga mlango nao.

#10 Mwl_Kasulu
Dira umenitetea. Nesi nimekuelewa pia. Basi naomba mwenye kujua atueleze hiyo BRCA, maana naona kila mtu anaitaja kama jina la mtaa.

#11 Nesi_wa_Zamu
Kila chembe ya mwili huharibika kila siku na hujirekebisha. BRCA1 na BRCA2 ni vinasaba vinavyotengeneza mafundi wa kurekebisha DNA ikikatika. Kila kimoja tunarithi nakala mbili, ya baba na ya mama, na kuna mwanamke aliyezaliwa na nakala moja mbovu. Ile nzima ikifa kwenye chembe fulani, chembe ile, ambayo yaweza kugeuka saratani, inabaki kumtegemea fundi mwingine aitwaye PARP. Olaparib inamzuia huyo PARP.

#12 Babu_Kibirizi
Nimeunda mitumbwi miaka arobaini hapa Kibirizi. Kama nimemwelewa binti, chombo kina makalafati wawili. Mmoja kafa zamani. Wa pili anahangaika peke yake kuziba pamba kila linapovuja. Dawa inamfunga mikono huyo wa pili, chombo kinazama. Ila mitumbwi mingine ya mwili ina wote wawili, hivyo inaelea. Ni hivyo?

#13 Nesi_wa_Zamu
Shikamoo babu. Ni hivyo hasa, na sitafundisha tena kwa njia nyingine.

#14 Babu_Kibirizi
Marahaba mjukuu. Sasa kama chombo cha mama wa huyu binti kina makalafati wote wawili wazima, hiyo dawa itazamisha nini?

#15 Dira_ya_Ziwa
Hapo babu kagusa penyewe. Ndiyo maana kipimo kwanza, kiwanja baadaye. Utafiti wa SOLO-1 uliotolewa 2018 ulikuwa wa wanawake 391, wote wana hitilafu ya BRCA na wote dripu za kwanza ziliwakubali. Baada ya miaka 7, asilimia 67 ya waliomeza olaparib walikuwa hai, dhidi ya 46.5 ya waliomeza kidonge kisicho na dawa. Kwa saratani hii hayo ni matokeo makubwa. Lakini ni kwa wenye hitilafu, na hao ni kama 15 kati ya wagonjwa 100, wakizidi kidogo kwa aina iitwayo serasi kali (high-grade serous). Ipo niraparib ambayo imejaribiwa hata kwa wasio na hitilafu. Faida yake kwao ni ndogo.

Na kuna saa inayokwenda. Katika SOLO-1 walianza vidonge ndani ya wiki 8 baada ya dripu ya mwisho. Binti_Mwanga umeshatumia wiki mbili. Uliza leo kama kile kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta bado kipo maabara, maana BRCA inaweza kupimwa hapo.

#16 Mama_Wawili
Dada yangu anameza olaparib, ana BRCA2, mwezi wa kumi na nne sasa. Vidonge asubuhi na jioni. Watu hapa mnaongea kidonge kama panado. Miezi mitatu ya kwanza kichefuchefu, damu ikashuka mpaka akaongezewa chupa mbili, wakapunguza dozi. Sasa anaenda shambani lakini saa sita mchana lazima alale. Balungi amekatazwa. Na kila mwezi lazima damu ipimwe, kwa hiyo bei siyo ya dawa tu, ni ya dawa na nauli na siku za mtu anayemsindikiza. Hajutii. Nasema tu mjue mnachonunua.

#17 TumbakuUrambo
Nimesahihishwa kuhusu mionzi na nimekubali. Ila majani ya stafeli mbona hamyataji? Yanachemshwa, glasi mbili kwa siku. Bei yake ni kupanda mti tu.

#18 Nesi_wa_Zamu
Kaka Tumbaku, tunda la stafeli ale kwa raha zake. Chai ya majani kila siku hapana. Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, madaktari waliona wanywaji wa muda mrefu wa chai hiyo wakipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson. Na huyu mama ametoka kwenye paclitaxel, ambayo yenyewe inachoma mishipa ya vidole.

#19 MgebukaMkavu
Tumbaku leo umefungwa mbili bila. Rudi Urambo ukajipange.

#20 TumbakuUrambo
Narudi na asali. Hiyo nesi hataikataa.

#21 AsaliYaSikonge
Asali iachieni Sikonge tafadhali.

#22 Kijana_Nguruka
Mimi niongelee bevacizumab, maana shangazi alipewa hadi mwisho. Presha ilipanda, mkojo ukaonyesha protini, dozi zikasimama mara mbili. Ugonjwa ulirudi baada ya miezi 14 tangu aanze matibabu. Tuliuza ng'ombe sita. Hatujui bila dawa ungerudi lini, labda wa saba. Lakini hakuna aliyetuambia faida ni ya ukubwa gani, tuliambiwa tu "ni dawa nzuri".

#23 Dira_ya_Ziwa
Kijana, pole. Katika utafiti wa GOG-218 ilisogeza kurudi kwa ugonjwa kutoka miezi 10.3 hadi 14.1. Kwa kundi zima haikurefusha maisha. ICON7 ulionyesha kwamba wale wenye hatari kubwa, hatua ya 4 au waliobakiziwa uvimbe, walipata nyongeza ya kama miezi mitano ya maisha. Kwa alivyoeleza Binti_Mwanga, mama yake hayuko kundi hilo.

#24 Mwl_Kasulu
Mimi bado nasema mtoto hawezi kukaa na kiwanja wakati mama yake anaondoka. Miezi minne ya ugonjwa kutokurudi ni Krismasi moja na harusi moja. Msiidharau.

#25 MgebukaMkavu
Mwalimu, na mama akilala hoi miezi hiyohiyo minne? Na watoto wa huyo binti wasome kwa nini?

#26 Mwl_Kasulu
Sijasema ni rahisi.

#27 Babu_Kibirizi
Nimesoma yote, mjukuu wangu ananisomea. Naona kaka mkubwa, baba mdogo, kiwanja, walimu na manesi. Sijaona mama anasemaje. Kikao cha Jumamosi, yeye amealikwa?

#28 JichoLaReli
Babu 👏🏾

#29 Nesi_wa_Zamu
Binti_Mwanga upo?

#30 Mama_Wawili
Siku ya pili leo hajaonekana. Jumamosi imepita. Mungu awe naye.

#31 Binti_Mwanga
Nipo. Nisameheni, nilisoma swali la babu nikashindwa kujibu, kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Tulipanga kikao kwa baba mdogo Ujiji ili mama asisikie.

Nilimwambia Ijumaa usiku. Nilimweleza yote: kwamba unaweza kurudi, dawa zenyewe, kiwanja. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. Kisha akasema, "Nilijua tangu daktari alipokutazama wewe akaacha kunitazama mimi."

Kesho yake tulikwenda naye. Akamwacha kaka aseme, akamwacha baba mdogo aseme. Akasema kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya dawa ambayo haijajulikana kama ni yake. Bevacizumab hataendelea nayo. Kipimo akakubali, ila siyo kwa ajili ya kidonge. Aliuliza, "Huu ugonjwa wa kwenye damu ya uzazi, mabinti zangu wanao?" Tuko watatu. Mimi nina 34. Katika uzi huu wote sikuwaza hilo hata mara moja.

#32 Nesi_wa_Zamu
Mama kaona mbali kuliko sisi sote. Akikutwa na hitilafu ya kuzaliwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, wa kiume pia. Mwenye BRCA1 hatari yake ya saratani ya ovari maishani ni kama asilimia 40, BRCA2 kama 17, na ya matiti ni kubwa kwa zote. Hapa kuna cha kufanya kabla: aliyemaliza kuzaa hushauriwa kutolewa ovari na mirija, kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, 40 hadi 45 kwa BRCA2. Kipimo cha shingo ya kizazi hakioni ovari, msije mkajifariji nacho. Ila muulizeni daktari kipimo kifanywe cha damu au mate pia. Kile cha kipande cha uvimbe peke yake hakisemi kama hitilafu ni ya kurithi.

#33 Dira_ya_Ziwa
Na mkumbuke majibu yakija hakuna hitilafu, hiyo nayo ni habari kwa mabinti. Muulizeni ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa gharama kabla ya kugusa kiwanja.

#34 Kijana_Nguruka
Kaka mkubwa kapokeaje?

#35 Binti_Mwanga
Kaka katoka nje akakaa chini ya mwembe mpaka jioni. Leo asubuhi kaja na nauli ya Mwanza ya watu wawili. Bado anasema kipimo kikija na hitilafu kiwanja anauza, mama apende asipende. Mama bado anasema hauzi. Tumefikia hapo.

#36 Mwl_Kasulu
Na mimi bado niko upande wa kaka. Ila nauli iliyotangulia ni jambo jema.

#37 Binti_Mwanga
Nimemsomea mama uzi wote usiku huu, isipokuwa zile asilimia, kasema hazitaki. Babu Kibirizi, kakucheka sana kwa makalafati. Ana swali, kasema niliandike alivyosema: "Muulize yule nesi. Vidole vyangu havijui tena sarafu ya mia mbili na ya mia tano mpaka niitazame. Sokoni wananiibia. Hii ganzi inaondoka?"

#38 Nesi_wa_Zamu
Shikamoo mama. Kwa wengi inapungua pole pole, miezi kadhaa hadi mwaka. Kwa wengine inabaki kidogo, hasa miguuni. Isizidi tu ndilo la kuangalia. Mwambie daktari, kuna dawa za kupunguza maumivu yake kama yapo. Usitembee peku hata uani, na maji ya moto yapime kwa kiwiko, siyo vidole. Sokoni tumia vikopo viwili, mia mbili huku, mia tano huku, na mnunuzi ndiye aitumbukize mbele yako.

#39 Binti_Mwanga
Kasema vikopo vya nyanya anavyo. Kesho anaanza.

#40 JichoLaReli
Mkitaka treni badala ya basi, mnashuka Tabora mnaunganisha Mwanza. Usiku ni baridi, mbebeeni mama shuka nzito.

#41 AsaliYaSikonge
Wakipita Tabora niko stesheni na mke wangu. Anataka kumwona.